Diski Sita za Violet

Seva ya ushirika wetu wa maziwa hapa Machame niliipanga mimi. Haya, tuseme nilishika tochi. Na tochi yenyewe haikuwa na betri.

Mpangaji alikuwa mjukuu wangu Violet. Seva hiyo, mashine mpya ya kutunzia nakala za akiba, ilikuwa imefika na diski sita: mbili ndogo zenye kasi, nne kubwa. Humo zingekaa kumbukumbu za kila ng'ombe wetu, mama yake nani, alichanjwa lini, katoa lita ngapi. Mwenyekiti, Mama Salvina, alishasema: atakayeshinda kwa mpango leo ndiye atakayekabidhiwa mashine.

"Hizi ndogo ni za hifadhidata tu," Violet alieleza, anachora ubaoni mbiombio. "Ndiyo inayojua nakala ipi iko wapi. Diski zenyewe ni pacha: moja ikifa, mwenzake anaendelea. Nne kubwa ni za nakala. Zikijaa, zijae zenyewe huko."

Filemon, fundi aliyeletwa kutoka Dar, akacheka. "Dada, unajisumbua. Unga zote sita ziwe kitu kimoja, nafasi tele, kazi imekwisha."

"Na nakala zikijaza kote, hifadhidata itaandika wapi?"

Hapo nikaelewa! Nikaruka kitini, na magoti yangu haya. "Kumbe ni ng'ombe na majani yake! Ukimfunga ndani ya stoo ya majani, atayala, atayalalia, atayanyea. Kesho huna stoo!"

"Ndiyo hiyo, Bibi!" Violet akapiga makofi.

Filemon akainua mkono. "Mama Mwenyekiti, mimi sileti maneno. Mpango wangu nimeujaribu asubuhi, kabla hamjafika. Nimejaza, nimechomoa diski moja, nimerudisha kila kitu. Kumbukumbu za ng'ombe wote nimeziangalia, mmoja mmoja."

Violet akaweka chaki chini.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya kizee kabisa, "na Mraru wangu umemwona? Nina wasiwasi naye."

"Nimemwona, bibi. Yuko vizuri sana. Juzi katoa lita kumi na mbili."

Violet akaficha uso kwenye mikono, mabega yanacheza. Mama Salvina akausukuma ufunguo wa chumba cha seva upande wa Violet, kisha akamgeukia fundi taratibu.

"Filemon baba, mraru huku kwetu ni mgomba. Hizo lita umezikamua wapi?"