Utepe wa Manjano

Kama una siri na unataka ibaki siri, usiajiriwe jengo moja na Redio. Huyo alikuwa mama wa makamo, mtunza dawa wa maabara, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Nani kaachika, nani kanyoa ndevu kwa ajili ya nani, bosi kamfokea nani kwenye simu: yote ungeyapata kwake kabla chai yako haijapoa, tena yametiwa chumvi ya kutosha. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Redio hakuwahi kulitangaza, na hilo moja ndilo lililokuja kumtoa mtafiti kijasho chembamba.

Mtafiti mwenyewe alikuwa mtu wa ubongo. Hakuwa wa kutibu, alikuwa wa kuchunguza, na upande wa mumewe walimwita Daktari wa Panya, maana kila walipomuuliza kazi yake, jibu lilianza na panya na kuishia na panya. Alishughulika na vichanga vyao, vile vyekundu vilivyo uchi kama ncha za vidole. Alitaka kujua mishipa ya limfu inavyoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mishipa ya damu kila mtu anaijua. Hii ya limfu ni kama mifereji ya nyuma ya nyumba, inayotoa maji na taka bila mtu kuikumbuka mpaka izibe. Panya huzaliwa mifereji hiyo ya kichwani haijakamilika, nayo huota polepole wakati ubongo wenyewe bado unajijenga. Sasa je, ikizuiwa isiote, ubongo utajengekaje? Hilo ndilo lililomtoa kitandani kila asubuhi.

Basi vichanga viligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa dawa ya kuzuia mishipa hiyo, jingine maji ya chumvi tu. Mabomba ya sindano yalifungwa utepe, mengine manjano, mengine buluu, na aliyeyajaza ni Redio peke yake. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa: anayechoma na anayeangalia wasijue kipi ni kipi, wasije wakaona kile wanachotamani kukiona. Redio hakujiandikia mahali maana ya rangi hizo, alikuwa nayo kichwani, na maandishi pekee yalikuwa ya bosi, kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kwa miaka miwili ya kazi hiyo watu walimbembeleza, wakamtega, wakamchokoza.

"Redio, niibie basi. Buluu ni nini?"

"Buluu ni rangi, mwanangu. Hukusoma chekechea?"

Asubuhi moja kichanga kilijipinda mkononi mwa mtafiti. Sindano ikapita glavu, ikazama kwenye kidole gumba cha kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa umeshaanza kusukuma. Akaichomoa. Tone la damu likatokea chini ya mpira mwembamba, likatanda. Utepe ulikuwa wa manjano.

Siku nyingine angekamua, akanawa, akaendelea na kazi huku akijitukana. Alikamua. Akanawa mpaka ngozi ikauma. Kisha akaiacha kazi, akakaa kwenye kiti, kwa sababu alikuwa na mimba changa.

Aliyejua ni mumewe tu. Mimba mbili zilishatoka kabla ya hii. Ile ya kwanza waliitangaza mapema, nyumba nzima ikapiga vigelegele, halafu nyumba nzima ikaja kumpa pole, na zile pole zilimkata maini. Hii ya tatu akaapa haisemwi mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hata kazini alinyamaza, ingawa kanuni ilimtaka aseme na akae mbali na sindano zile. Kanuni hiyo aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyewasomea wafanyakazi wapya.

Na kujua ndiko kulikomtesa. Mwingine angetia plasta akasahau. Yeye alijua kwamba katika mimba ya umri ule mishipa ya limfu ya mtoto ndiyo kwanza inachipua, tena inaanzia shingoni. Akajipigia hesabu: tone moja, katika mwili wa mtu mzima, litapotelea mbali. Hesabu ikatoka vizuri. Akaipiga tena, ikatoka vizuri zaidi. Moyo wake ukakataa kusoma hesabu.

Jumapili nyumba ya mama mkwe ilijaa kama kawaida, viatu vimerundikana mlangoni, watoto wanapita chini ya meza. Wifi yake alimpokea kwa sauti ya kuita mtaa mzima.

"Daktari wa Panya huyo! Mbona umekonda hivyo? Panya wamekupora chakula?"

"Muache mwanangu," mama mkwe akadakia kutoka jikoni. "Wewe unene wote huo umeupata kwa kazi gani?"

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Wifi akamtupia kichanga chake mapajani, mtoto mnene mwenye usingizi, akarudi kwenye umbea wake. Mtafiti akampakata. Bila kujijua, vidole vyake vikapanda mgongoni mwa mtoto mpaka nyuma ya shingo, vikaanza kupapasa, vikibonyeza taratibu, vikirudi.

"Unamtafuta nini, chawa?" wifi akauliza.

Kicheko kingine. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na hakucheka. Alimtazama mkamwana wake usoni, akashuka kifuani, akarudi usoni. Mtafiti akamrudisha mtoto kwa mama yake, akasema harufu ya vitunguu imempanda kichwani, akatoka uani kupunga hewa.

Mumewe akamfuata. "Kidole kina nini? Tangu juzi unakisugua tu."

"Nimejichoma kidogo. Kazini."

"Pole," akasema, akambusu kidole kile kile. Naye akakivuta haraka kama aliyeungua, akaona jinsi mumewe alivyoshangaa, akarudi ndani.

Jumatatu akamvizia Redio alipokuwa peke yake kwenye chumba cha dawa, akaingia, akafunga mlango.

"Mama, nataka kukuuliza kitu, na nataka kiishie humu humu."

"Makubwa! Hebu kaa."

Akamwambia. Mimba, zile mbili za nyuma, sindano, utepe wa manjano. "Nikiuliza nimeharibu kazi ya watu, najua. Lakini siwezi tena. Manjano ni nini?"

Redio alikuwa anafuta chupa. Akamaliza kuifuta, akaiweka kwenye rafu.

"Chumvi," akasema. "Manjano ni maji ya chumvi. Nenda kanywe chai."

Mtafiti akamkumbatia. Akatoka nje mwepesi kama kapeperushwa, akawasalimia watu ambao hakuwahi kuwasalimia. Alipofika katikati ya ngazi, mguu ukagoma. Tangu lini Redio akajibu swali kwa neno moja? Ukimuuliza saa, atakueleza nani alimpa saa ile na walikosana vipi. Leo amepewa habari ya mimba ya siri, habari ya kumlisha mwezi mzima, hakuuliza hata ina umri gani. Na ule uso. Ni ule ule aliowakaushia watu miaka miwili wakimuuliza buluu ni nini.

Akageuka, akaenda kwenye chumba cha panya.

Akachukua kichanga kimoja cha manjano na kimoja cha buluu, vikubwa kuliko wenzao, ambavyo zamu yao ya kufunguliwa ilikuwa bado mbali. Alijua anachokifanya. Akaviua, akatoa utando wa ubongo wa kila kimoja, akautandaza kwenye kioo, akautia rangi inayoshika mishipa ya limfu pekee na kuifanya ing'ae kijani. Rangi ikaachwa ishike mpaka kesho yake.

Kesho yake alianza na buluu, na mwenyewe hakujua kama ni utaratibu au ni woga. Chini ya hadubini mshipa mkubwa wa damu ulipita katikati kama barabara, na kandokando yake kijani kilikuwa kimetambaa chote, matawi na vijitawi, kama mmea unaopanda uzio. Mishipa kamili. Akabadilisha kioo. Akainamisha jicho.

Barabara ilikuwepo. Pembeni yake palikuwa giza. Akasogeza juu, akasogeza chini, akaongeza mwanga. Vipande viwili vitatu vya kijani, vifupi, vimekatika kama vilivyosahau vilikuwa vinakwenda wapi. Basi. Kwingine kote giza.

Hakusikia mlango. Alisikia pumzi za mtu nyuma yake.

"Umeangalia," Redio akasema.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, mama. Uliniingilia na uso wa mtu anayezama. Ningekutupia jiwe?"

"Ningekwenda hospitali! Unajua siku ngapi hizi nimezipoteza?"

"Moja," Redio akasema. "Umepoteza moja. Nyingine umezipoteza mwenyewe kwa kunyamaza." Akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee. "Mumeo anajua?"

"Anajua mimba. Sindano hajui."

"Mwambie leo. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi unanijua."

Alimwambia jioni ile, chakula kikiwa mezani hakijaguswa. Mumewe hakufoka. Aliuliza maswali machache, kisha akakishika kile kidole mpaka chakula kikapoa. Bosi naye akaambiwa. Kundi zima la vichanga likafutwa, kazi ikaanza upya kwa mikono ya mwingine.

Daktari wa uzazi alikuwa binti mwenye sauti ya chini. Alisikiliza habari ya sindano mpaka mwisho.

"Sitakuficha, dada. Dawa hiyo sijawahi kuisikia ikimwingia mjamzito. Kiasi ni kidogo mno, na kwa hilo ningekuambia utulie. Lakini tutaangalia nyuma ya shingo. Mishipa ya limfu ikikwama, maji hujikusanya pale, na huonekana mapema."

"Najua," akasema.

Walisubiri mimba ifikie umri wa kipimo. Nyumbani siri ilishavuja, mama mkwe aliisoma bila kuambiwa, na kila siku simu ililia.

Siku ilipofika alilala kitandani, mafuta ya baridi tumboni. Mtoto akatokea kwenye skrini, chali, mkono mmoja usoni kama anayekataa kupigwa picha. Mumewe akacheka peke yake. Daktari akasimamisha picha, akaweka alama mbili ndogo nyuma ya shingo, akapima. Akafuta. Akapima tena.

"Vipi?" mume akauliza.

"Subiri. Amegeuka."

Mtafiti alikuwa ameangalia picha za namna hiyo maisha yake yote ya kazi. Hiyo hakuweza. Akafumba macho, akasikia mashine ikinguruma, akasikia kiti cha daktari kikilia.

"Pembamba," daktari akasema. "Pako sawa, maji hayajazidi. Leo sioni kitu cha kunitisha."

Mumewe akaruka, akatoka mbio ukumbini na simu sikioni. "Mzima! Nasema mzima!" Vigelegele vikasikika kutoka kwenye simu hadi mle ndani.

Daktari akamfuta tumbo. "Ubongo ni habari nyingine, wewe unalijua hilo kunishinda. Tutaangalia kichwa kikikua. Akizaliwa tutaendelea kuangalia."

"Mpaka lini?"

"Nikuulize wewe. Mpaka lini?"

Akatafuta jibu. Kwa vichanga vya panya swali hilo halichukui muda. Vinakua, unavifungua, unaangalia. Kwa binadamu mishipa ile huendelea kuota mtoto akiwa tayari mikononi mwa watu, ananyonya, anacheka, anajifunza kusema mama, na nyuma ya uso huo mzuri hakuna anayeona kitu.

"Miaka," akasema.

Huko ukumbini mumewe alikuwa anamhakikishia mtu wa tatu au wa nne. Mtafiti akashika blauzi yake aishushe, kisha mkono ukasimama hapo hapo.

"Tafadhali," akasema. "Pima tena ile shingo."

Daktari akamtazama kidogo, akachukua chupa ya mafuta, akavuta kiti chake karibu.