Kiti Alichowekewa Mpimaji

Jumamosi ya kwanza ya muhula, wasichana wa ghorofa ya tatu walipita mlango kwa mlango na sinia la biskuti. Ndiyo ilikuwa desturi ya bweni lile: unagongewa, unafungua, unachukua biskuti, unataja kozi yako, basi, umeshakuwa jirani. Aliyetangulia ni kiongozi wa ghorofa, msichana mwenye sauti ya mnadani ambaye wote walimwita Mama Umoja. Mlango wa mwisho ulikuwa wa mwanafunzi wa upimaji wa ardhi. Waligonga. Taa ilikuwa inawaka na mtu alisikika ndani akipenga kamasi, lakini hakufungua.

Alikuwa analia. Mama yake alikuwa ameondoka mchana ule, na macho yalikuwa yamemvimba hata akaona haya kuonekana vile na watu atakaoishi nao miaka yote ya masomo. Akajisemea, nikishanawa uso nitawafuata. Alipomaliza kunawa, walikuwa wameshafika kwenye ngazi.

"Anajisikia huyo," mmoja alisema.

"Mwacheni," alisema Mama Umoja. "Akitaka watu atatutafuta."

Asubuhi mlango wake ulikuwa umesogea. Si sana. Kati yake na jirani kulikuwa na kipande cha ukuta ambacho jana hakikuwepo, cha kutosha kuegemeza baiskeli. Kesho yake zingetosha baiskeli mbili. Alitoa utepe wake, maana kazi ni kazi, akapima, akarudia, akapata jibu lile lile. Kabla muhula haujafika katikati utepe ulikuwa hautoshi tena, akaurudisha kwenye mkoba.

Hakuna aliyeshangaa. Majengo ya zamani yana mambo yake. Matroni alikuja, akaitazama korido ilivyopotelea huko mbali, akaagiza ziongezwe taa. Fundi akaziongeza huku akilalamikia waya. Wasichana nao wakampa mwenzao jina la Mpimaji, kwa upendo kabisa, na kila walipomwona anachomoza na ndoo yake ya kuogea walimpungia mkono.

"Mwenzetu, pole na safari!"

"Nimeshapoa," alijibu, na kwa kweli alifurahi kuongeleshwa. Akifika bafuni, maji ya moto yameshakwisha.

Kila Ijumaa walipika pamoja kwenye jiko la ghorofa. Ujumbe ulipoingia kwenye simu, Mpimaji alivaa viatu vya mazoezi akatoka papo hapo. Alisikia vicheko kabla hajaona mtu. Akazidi kukaza mwendo, vicheko vikazidi kupungua, na alipotokea mlangoni masufuria yalikuwa yamelowekwa.

"Jamani Mpimaji! Tumekusubiri weee mpaka tukachoka. Lakini kiti chako tumekuwekea."

Na kweli walikuwa wamemwekea, kiti chekundu cha plastiki karibu na dirisha. Hakuna aliyethubutu kuweka hata mkoba juu yake. Alikikalia, na aliyekuwa na zamu ya kuosha vyombo akamsimulia ule utani kwa kifupi.

Siku moja alijikaza akasema, "Kwani na nyie hamwezi kuja kwangu? Birika ninalo, majani ninayo."

Mama Umoja aliichungulia korido. "Tutakuja, dada yangu. Ila kwako nako ni mbali mno!"

Mpimaji, aliyesomea mambo hayo, alijua kwamba umbali ni ule ule ukianzia huku au kule, na yeye aliutembea kila siku.

"Haya," alisema.

Mama yake alikuwa akipiga simu jioni. "Umepata wenzio, mwanangu?"

"Nimepata, mama. Mpaka kiti wananiwekea."

"Mungu awabariki hao watoto."

Mwisho wa muhula chuo kiliipa ghorofa ya tatu kikombe cha umoja. Mpimaji alitoka mapema, kavaa gauni zuri, na alipofika mpiga picha alikuwa anafunga mkoba wake. Walimwonyesha picha. Katikati, mbele kabisa, kilikuwa kile kiti chekundu, kitupu, na wasichana wamekishika huku na huku.

"Hatukukuacha," alisema Mama Umoja, na machozi yalimlenga, maana alimaanisha.

Mpimaji alikitazama kiti. "Naomba nikichukue."

"Si ni chako hicho! Chukua."

Wakamsaidia kujitwika, wakamsindikiza mpaka mlango wa jirani, pale ukuta mtupu unapoanzia, wakasimama wakimpungia. Alitembea. Miguu ilipochoka alikitua chini ya taa mojawapo ya fundi, akakikalia, kisha akaendelea. Chumbani alikiweka kikitazamana na kitanda, akachemsha maji, akamimina vikombe viwili. Halafu akaufungua mlango wote na kuuzuia kwa kiatu, asije mtu akagonga akadhani hataki watu.

Simu ikalia.

"Nasikia unakoroga chai," mama yake alisema. "Una mgeni?"

Mpimaji alichungulia korido. Taa zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine mpaka jicho linaposhindwa, na huko mwisho, kwa mbali, watu walikuwa wanacheka.

"Yuko njiani, mama," alisema. "Ni mbali kidogo."