Kompyuta Iliyotaja Jina Langu

Wapo wanaolilia ng'ombe, wapo wanaolilia waume. Mkwe wangu Januarius alikuwa analilia kompyuta.

Si hizi zenye picha picha na kipanya, ambazo vijana walikuwa wameanza kuzichezea hapa Bariadi mjini. Hizo akiziona anasonya. Alililia ile ya zamani, kioo cheusi maandishi ya kijani, aliyoizoea alipokuwa karani wa ofisi ya pamba, kabla wanunuzi binafsi hawajaja na mizani yao na ofisi ikabaki makao ya popo.

Alikuwa na wenzake wawili wenye ugonjwa huohuo: Mahona fundi redio, na Fabian, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wakaanzisha chama. Nilidhani watakopeshana mbuzi kama vyama vya watu wenye akili, kumbe kazi ya chama ilikuwa kusikitika.

"Zile diski," anasema Mahona. "Pana kama sahani, na ukiipepea inalialia."

"Na ile mashine ya kuchapa! Ikianza, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia."

"Vijana wa leo wanabofya tu," anasema Januarius. "Sisi tulikuwa tunaiamrisha, jamani. Unaandika amri, inatii."

"Yangu haikuwahi kutii," anasema Fabian. "Lakini ilikuwa inakataa kwa heshima."

Halafu wote watatu wanainamisha vichwa, kama wamefiwa.

Basi Fabian akaipata mashine yenyewe kule Lamadi, kwa mchuuzi wa samaki aliyeinunua wakati ofisi ya pamba ilipouza vitu vyake. Mchuuzi alikuwa anaikalia. Ikaja inanuka dagaa mpaka paka wangu akaipenda kuliko mimi. Na kwa kuwa nyumba yenye umeme ilikuwa yangu, wakaiweka sebuleni kwangu.

Hapo ndipo Januarius alipopata taabu. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, na jina langu yeye halitamki hata akiota; ananiita mayu, yaani mama, basi. Kwa hiyo wao wakakaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia kwenye kigoda changu, na binti yangu Eufrasia, mkewe, akasimama katikati kupeleka maneno.

"Mwambie mayu tunaomba kuwasha," anasema Januarius.

"Mayu, wanaomba kuwasha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie awashe, ila akiunguza nyumba nitahamia mimi kwao."

Nikasikia mkwe anaisogeza mashine mbali na pazia.

Kabla hawajawasha ukazuka ugomvi. Chama lazima kiwe na mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye atakayekaa na mashine nyumbani kwake. Wakakubaliana awe yule aliyewahi kutunga programu kwa mkono wake mwenyewe. Fabian akajitoa mapema. Alisema yeye aliwahi kutunga kosa tu. Wakabaki Mahona na Januarius.

"Mimi niliifundisha hii kusalimia," akasema Januarius. "Programu yangu imo humo humo ndani, kwenye diski yake."

"Wewe?" Mahona akacheka. "Wewe ulikuwa unaifuta vumbi! Mimi nimeitengenezea redio programu ya kutafuta stesheni."

"Ilitafuta?"

"Ilitafuta. Haikupata, lakini ilitafuta."

Januarius hakucheka. Eufrasia aliniambia baadaye kwamba usiku uliopita mumewe hakulala, amekaa kitandani anapanga pa kuiweka ile mashine, pembeni ya dirisha, na kwake hata nguzo ya umeme haijafika. "Niwe naitazama tu," alisema. Mtu mzima, ana mvi masikioni! Na Mahona alikwisha sema akiipata ataipasua, atoe waya za kutengenezea redio. Kwa hiyo si uenyekiti tu. Ilikuwa kufa na kupona kwa mashine yenyewe.

Wakaiwasha, nami nikachungulia kwenye tundu la pazia. Ikakohoa, ikasaga meno, harufu ya dagaa wa kukaanga ikajaa nyumba. Herufi za kijani zikatokea. Fabian akavua kofia kabisa.

"Haya, onyesha," akasema Mahona.

Januarius akaandika kitu, akasita, akaangalia pazia. "Labda kesho. Naona imepata joto."

"Joto gani? Wewe ndiye unayetoka jasho. Sogea!" Mahona akabonyeza mwenyewe.

Kioo kikajaa. Mstari chini ya mstari, unapanda, unakuja mwingine uleule, bila kupumzika. Mahona akasoma kwa sauti ya mnada:

"Mwangaluka mayu Nyanjige! Mwangaluka mayu Nyanjige! Mwangaluka mayu... hee, haina mwisho hii?"

Sasa mimi watu wote wananiita Mama Eufrasia. Jina la Nyanjige wanalijua ndugu zangu wa kwetu Migato, marehemu mume wangu, na mkwe asiyeruhusiwa kulitamka. Mahona hakulijua.

"Nyanjige ndiye nani?" akauliza. "Unaona? Hii si yako. Ni ya fundi fulani wa kompyuta aliyekuja kuwafundisha huko ofisini, anamsalimia hawara yake!"

Mtu akikusalimia unaitika. Nilifunzwa hivyo.

"Mwangaluka, baba!" nikaitika nyuma ya pazia. "Ila hiyo ni salamu ya asubuhi; saa hizi jua limegeuka, tunasema mwadila. Iambieni mashine yenu."

Mistari ikaendelea kupanda tu.

"Nani kaitika?" Mahona akanong'ona.

Fabian alikuwa anamtazama Januarius. "Mwenzangu," akasema taratibu, "Mahona amesoma. Mimi nasoma: mwangaluka mayu Nyanjige. Sasa soma wewe."

Januarius akaanza kuifuta mashine vumbi.

"Soma, ni maneno matatu tu, yameandikwa makubwa," Fabian akasisitiza.

"Siwezi."

"Hujui kusoma?" Mahona akashangilia. "Karani mzima!"

"Soma, upate mashine," akasema Fabian.

Nikachungulia tena pale tunduni. Januarius aliishika ile mashine kwa mikono miwili kama mtu anayeaga mtoto, akageuza uso ukutani. "Basi achukue Mahona," akasema.

Fabian akaanguka chini kwa kicheko. "Mahona, mjinga wewe! Katika sisi watatu, nani pekee asiyeweza kulitaja hilo jina? Mkwe wake! Programu ni yake huyu!"

"Lakini ameliandika!"

"Mwambie mayu," Januarius akamwambia mkewe, bado anatazama ukuta, "wakati ule nilikuwa naposa. Nilitaka kumsalimia mayu na siwezi kumkaribia. Nikaona mkono si mdomo."

"Mayu, anasema mkono si mdomo," akasema Eufrasia, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Mwambie ameoa kwa akili. Mashine ni yake."

Mahona akanuna, akasogea kuizima wambebee mwenyekiti mali yake. Januarius akamdaka mkono.

"Unaikatiza vipi ikiwa inamsalimia mkwe wangu? Una adabu kweli? Mwambie mayu, akitosheka ndipo tuzime."

Nikaacha kigoda, nikapanda kitandani, nikaupiga mto ngumi, nikajinyoosha.

"Mwambie bado naitika," nikasema, nikalala.