Uzito wa Grinlandi

Marcelina Masolwa alipata alama arobaini na saba. Cheti cha ualimu kilihitaji hamsini. Matokeo yalibandikwa siku ya Alhamisi, Machi 1951, kwenye mlango wa ofisi ya mitihani mjini Tabora, na orodha ilikuwa isafiri kwenda Dar es Salaam kwa treni ya Jumamosi. Alikuwa amefundisha shule ya kijiji huko Sikonge kwa miaka sita bila cheti. Barua iliyokuwa mkobani mwake ilisema kwamba ifikapo Juni, asiye na cheti ataondoka.

Ijumaa asubuhi aliomba kuiona karatasi yake ya jiografia. Msahihishaji, Mwalimu Eustace, alimsukumia bila kuinuka kitini. Swali la saba lilikuwa na alama nne: panga sehemu hizi za dunia kuanzia iliyo kubwa, yaani Ulaya, Afrika, Grinlandi, Australia na Amerika Kusini. Marcelina alikuwa ameandika Afrika, Amerika Kusini, Ulaya, Australia, Grinlandi. Chini yake aliongeza kwamba Grinlandi si bara, ni kisiwa. Mstari wa wino mwekundu ulikata yote, hata hilo la kisiwa.

"Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

Eustace alinyoosha rula kuelekea ramani ya ukutani. "Macho unayo. Grinlandi ile pale. Amerika Kusini ile pale. Ipi kubwa?"

"Kwenye karatasi, Grinlandi."

"Basi."

"Dunia ni mviringo, Mwalimu. Aliyeitandaza ukutani amelazimika kuivuta, na kadiri anavyokaribia ncha ndivyo anavyozidi kuvuta. Nilisoma hesabu ya maili za mraba kwenye almanaki ya padri wetu. Amerika Kusini ni karibu milioni saba. Grinlandi haifiki hata milioni moja."

"Ilete hiyo almanaki."

"Padri amerudi kwao nayo."

Eustace alicheka kwa pua. "Ushahidi umepanda meli! Sikiliza, binti. Nimefundisha kwa ramani hii miaka ishirini na miwili. Wakaguzi wamekuja, wamekwenda. Leo nisahihishwe na mwalimu wa porini, anayefundisha watoto wa warina asali?"

"Ramani haina kosa. Wewe ndiye hujui kuisoma."

"Toka nje."

Alitoka. Lakini kabla ya kutoka alikuwa ameona kitu: ndani ya kabati la kioo, nyuma ya kiti cha Eustace, kulikuwa na tufe la dunia, kubwa kama mtungi wa maji, lenye vumbi kuanzia ncha ya kaskazini hadi ikweta. Halikuwa limeguswa kwa miaka.

Na yule bwana alikuwa amemkumbusha asali. Penye asali pana nta.

Alikwenda kwa Mabruki, sonara wa sokoni, ambaye baba yake Marcelina humuuzia nta ya kutengenezea kalibu za pete. Alimweleza shida yake. Mabruki alisikiliza huku akivuta mvukuto.

"Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu," alisema. "Na huyo anasema kisiwa kimoja cha barafu kinalingana nasi?"

"Hajapima. Ndilo kosa lake."

"Basi twende tukampimie."

Waliyeyusha nta katika sufuria. Marcelina alilowesha ubao laini kwa maji, akauzamisha ndani ya nta mara tatu kwa hesabu ileile ya pumzi, akabandua utando. Alirudia mpaka akapata tando za kutosha, zote za unene mmoja, ili uzito wa kila kipande ulingane na ukubwa wake. Zilizotofautiana alizirudisha motoni.

Jumamosi saa tatu asubuhi waliingia ofisini pamoja, Mabruki akiwa amebeba mizani yake ya kupimia dhahabu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Marcelina.

"Marahaba. Na sonara naye? Umekuja kunipima pete?"

"Kidole chako kimevimba kwa wino mwekundu, Mwalimu," alijibu Mabruki. "Nimekuja kupima dunia."

"Fungua kabati," Marcelina alisema. "Nikikosa, nitatia sahihi kwamba nimeshindwa kwa haki, na hutaniona tena."

Labda ni hiyo sahihi iliyomvutia. Eustace alitoa ufunguo.

Marcelina alipasha tando juani hadi zikalegea, akazilaza juu ya tufe, akafuata pwani kwa ncha ya sindano: Grinlandi, Amerika Kusini, Afrika. Kisha akazikata na kuziweka mezani. Mabruki aliweka Grinlandi kwenye kitanga kimoja na Amerika Kusini kwenye kingine. Kitanga cha Amerika Kusini kiligonga meza.

"Badilisha vitanga," Eustace alisema.

Mabruki alibadilisha. Kilichoshuka kilikuwa kilekile, Amerika Kusini.

Marcelina alichukua kisu, akaikata Amerika Kusini vipande, kila kimoja kikipimwa dhidi ya Grinlandi. Vilikuwa vinane, na kikabaki kidogo. Afrika ilitoa kumi na tatu, na salio lililokaribia kuwa cha kumi na nne. Kisha akaelekeza kidole ukutani, mahali ambapo Afrika na Grinlandi zilionekana kulingana.

Eustace alikipima kipande kimoja mwenyewe. Akakipima tena. Kisha akavuta karatasi ya Marcelina, akakata sifuri, akaandika nne. "Hamsini na moja. Umefaulu. Haya, fungasheni, na habari hii iishie hapa."

"Wengine walioandika kama mimi ni wangapi?"

"Hilo halikuhusu."

"Wangapi, Mwalimu?"

Alipekua karatasi kumi na nane zilizobaki. "Watatu. Mmoja amefaulu hata hivyo. Waliobaki ni Veneranda wa Ziba na Nikolaus wa Urambo. Arobaini na nane, arobaini na sita."

"Wape."

"Ili nimweleze nini Afisa Elimu? Hili moja nitasema niliruka hesabu. Manne yatataka barua. Chagua: upate peke yako, au nirudishe sifuri yako."

Marcelina aliifikiria Juni. Kisha akaisukuma karatasi yake mbele ya Eustace. "Rudisha. Nami nitampelekea Afisa Elimu nta hii leo, na sonara atafuata na mizani."

"Nimeshafunga duka," alisema Mabruki.

"Na waliojibu kwa kufuata ramani?" Eustace aliuliza. "Niwanyang'anye?"

"Walifundishwa na nani?"

Eustace aligeuka kuitazama ramani ya ukutani.

"Waachie. Kosa si lao. Andika ni la nani."

Eustace aliandika barua kwa dakika ishirini, akibonyeza kalamu mpaka nibu ikapasuka na akalazimika kutafuta nyingine. Marcelina alisimama mezani akisoma kila mstari ulivyotoka. Alama za wote wanne zilisahihishwa. Kosa lilitajwa kuwa la msahihishaji. Mwisho, bila kumtazama, Eustace aliongeza kwamba mtahiniwa Marcelina Masolwa ni mkaidi na hana adabu kwa wakubwa.

Alisimamisha kalamu, akangoja apingwe.

"Ukaidi ni kweli," Marcelina alisema. "La adabu, andika pia kwamba nilikuamkia. Kisha tia sahihi, treni haingoji."