Hatua ya Kwanza ya Mwalimu Lornah

Ungetaka kumwona mtu aliyechanganyikiwa, ungemwona Jentrix Nakhungu asubuhi ile ya mwaka wa 1992, amekaa kwenye kiti cha watoto wa nasari, magoti karibu yaguse kidevu, faili mbili mapajani, na faili moja ikiikana nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ya mafunzo ya huduma ya kwanza aliyoyatoa yeye mwenyewe, miezi minane nyuma, kwa walimu na walezi wa shule za ufuoni mwa ziwa, kule upande wa Bondo. Humo Mwalimu Lornah Awuor alikuwa amepata alama thelathini na nane kwa arobaini. Hakuna aliyemfikia. Ya pili ilikuwa na barua ya kamati ya shule. Ilisema kwamba mtoto Oketch, wa miaka mitano, alikwamwa na njugu kooni darasani, na huyo huyo Mwalimu Lornah akamwacha sakafuni, akatoka mbio kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu. Aliyeitoa njugu ni mpishi wa uji, mama ambaye hakuhudhuria mafunzo hata siku moja. Alisikia watoto wakilia, akaja, akamwinamisha Oketch na kumpiga mgongoni mpaka ikatoka. Lakini muda ulikuwa umepita. Oketch alipozinduka hospitalini, ulimi wake ulikuwa mzito na mguu wa kushoto haukumtii.

Kamati ingekutana siku hiyo hiyo saa nane. Shirika lililomtuma Jentrix likisema kosa ni la mwalimu, Lornah angefukuzwa, na ufuo mzima hakuna shule ambayo ingemwajiri tena. Bosi wa Jentrix, aliyekaa ofisini Milimani, mjini Kisumu, na hajawahi kukanyaga mchanga wa ufuo huu, alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake. "Mafunzo yako yalikuwa safi," alimwambia. "Andika kwamba mwalimu alishikwa na hofu, urudi Kisumu." Kuhukumu ukiwa kwenye kiti chenye mto ni kazi rahisi sana.

Jentrix alitamani iwe hofu. Hofu anaielewa. Lakini Lornah aliyesimama mbele yake, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, hakufanana na mtu wa kukimbia ovyo.

"Kwa nini ulimwacha mtoto, Mwalimu?"

"Sikumwacha, madam. Nilifanya vile tulifundishwa."

"Mimi sikufundisha mtu kukimbia."

"Ndiyo, madam," Lornah akajibu, na machozi yakamlengalenga. "Lakini nilifanya vile tulifundishwa."

Waliyarudia maneno hayo mara tatu, kila mmoja kwa ukweli wake, na kila mara Jentrix akazidi kupotea. Mwishowe akachukua sweta yake, akaikunja, akaiweka sakafuni. "Haya. Huyu ni mtoto. Amekwamwa. Nionyeshe."

Lornah akapiga magoti. Akapeleka mkono wa kulia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akakipapasa kana kwamba anafungua kitu, akakiweka hicho kitu kisichokuwepo upande wa kulia, kwa uangalifu. Ndipo akaigeuza sweta kifudifudi juu ya paja lake na kuipiga mapigo matano katikati ya mabega, sawasawa kabisa.

"Hapo mwanzo unafanya nini?"

"Natoa saa."

"Saa gani? Huna saa."

"Sina, madam. Siku ya mtihani niliazima ya Perez. Sasa siku ile Perez alikuwa ameenda Bondo, ndiyo nikakimbia kwa headmaster, nimwombe yake. Akaanza kuniuliza ni ya nini."

"Na ni ya nini?"

Lornah akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani wewe unajua. Labda ya kuhesabu. Hatukuuliza."

Wanasema kuuliza si ujinga, lakini nani alikuwa amewapa watu hawa nafasi ya kuuliza? Jentrix akamwita Perez, mwalimu wa darasa la pili, mwenye saa yake mkononi. Bila kuambiwa lolote Perez akapiga magoti, akaivua, akaiweka kulia, akaanza. Jentrix akafungua kitabu cha mafunzo, akapekua ukurasa kwa ukurasa. Saa haimo. Akakifunga, akakifungua tena. Nani basi aliwafundisha mambo haya?

Akapiga magoti yeye mwenyewe mbele ya sweta ili afikirie vizuri. Na mkono wake wa kulia, bila kumwomba ruhusa, ukaenda kwenye kifundo cha kushoto.

Ndipo akakumbuka. Siku tatu katika ukumbi wa kanisa, makundi sita, na kila alipopiga magoti mbele ya mtoto wa mpira wa kufanyia mazoezi alianza kwa kuivua saa yake. Walimu walikuwa wametulia kimya, kalamu mkononi, wakiandika. Na siku ya mtihani, walipoivua mmoja baada ya mwingine, yeye aliona ni utulivu tu, akawapa alama.

Saa nane kamati iliketi katika darasa lililokuwa tupu. Mzee Absalom, mwenyekiti, alikuwa na kofia mapajani. Karibu na mlango alikaa Dorca, mamake Oketch, amempakata mtoto ambaye kwa umri wake hakustahili tena kupakatwa. Lornah alisimama ukutani.

"Madam, sisi hatutaki maneno mingi," Mzee Absalom akasema. "Tuambie tu makosa ni ya nani."

Jentrix alijua la kusema ili arudi Kisumu salama. Kitabu hakikuwa na saa, mwalimu alielewa vibaya, basi. Hata uongo usingekuwa uongo mtupu. Badala yake akawaeleza yote, tangu ukumbini hadi kwenye sweta. "Mwalimu alinifuata mimi," akamalizia. "Kosa ni langu."

Wazee wakatazamana. Mmoja akataka aelezewe upya, akaelezewa, akatikisa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza ametatizika. Dorca akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

"Na wewe, madam, ulikuwa unatoa ya nini?"

Jentrix akaifunika saa yake kwa kiganja.

"Ilikuwa mpya, mama. Niliogopa itakwaruzwa na simiti."

Dorca akamfuta mwanawe mate kwa pindo la leso, akamhamishia bega la pili, akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, mwambie Mwalimu Lornah arudi kwa darasa," akasema. "Watoto wako peke yao."