Nyota Moja kwa Mboje

Saa mbili asubuhi, Jumanne, Kabula alikuwa ameshapekua mafurushi sita kwenye kituo cha kununulia pamba nje kidogo ya Bariadi. Kazi yake ilikuwa kutenga: pamba safi kushoto, na fifi, yaani ile yenye madoa na majani makavu, kulia. Karani Salu alipita akiita mahudhurio. Aliita Nyanjige, akaita Kwandu, na alipofika kwenye mstari wa Kabula akaligeuza daftari kwenye mwanga, kisha akaandika "yupo" mbele ya nafasi tupu.

"Jina lako limeondoka," alisema.

"Tangu lini?"

"Jana lilikuwepo."

Akaendelea na wengine, maana wakulima walikuwa wanasubiri mizani.

Kabula aliijua sababu. Jumapili mama yake alikuwa amempigia simu kutoka Nyalikungu kumpa habari njema: mdogo wake, Milembe, amepata mchumba, kijana wa Lalago mwenye duka la vipuri Bariadi, anaitwa Mboje. Kabula alimpongeza mama, akakata simu, akakaa kitako sakafuni. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumbani kwamba Mboje huyo aliwahi kuwa wake. Mchana huohuo aliingia Pepeta.

Pepeta ni programu ya simu ambamo wasichana huwapa nyota wanaume waliotoka nao, na mwandishi hajulikani. Kabula aliandika: "Mboje wa vipuri, Bariadi. Alinifungia ndani siku mbili, akanichapa kwa waya wa chaji. Msimkaribie." Akampa nyota moja kwa sababu sifuri haikuwepo. Wanawake arobaini walimshukuru kabla ya magharibi. Alilala fofofo, akiamini kwamba neno litafika nyumbani bila yeye kulibeba.

Aliyemwekea programu hiyo alikuwa rafiki yake Precious, ambaye naye hakuwa na jina tangu alipoandika humo wakati wa Pasaka. (Sisi tutaendelea kuwaita kwa majina yao, maana bila majina tutapotezana njiani.) Precious alikuwa amemwandika Constantine wa stendi kwamba ana mke Mwanza. Mke huyo hakuwepo. Kosa la Constantine lilikuwa kumwacha Precious akila chipsi peke yake siku moja, lakini mchumba wake alisoma, akarudisha pete, na sasa Constantine anaongea na matairi.

"Utazoea," Precious alimwambia. "Mimi siku hizi hata mkutano wa mtaa siitwi. Raha tupu."

Uongo wa mmoja na ukweli wa mwingine vilikaa kwenye ukurasa uleule, kwa maandishi yaleyale. Kabula, ambaye vidole vyake viliijua fifi hata akifumba macho, alizikazia macho nyota zile mbili asione tofauti.

Jumatano alipiga simu nyumbani aseme yote. "Ni mimi, mama," alisema. "Mimi nani?" mama akauliza, akasubiri kidogo kwa heshima, akamwambia amekosea namba. Ijumaa Kabula alitazama kitambulisho chake. Picha ilikuwepo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo, na penye jina palikuwa peupe. Jumamosi, siku ya mahari, alipanda basi la Maswa kwenda nyumbani Nyalikungu, na kondakta akamkatia tiketi iliyoandikwa "abiria".

Katika ukoo wao, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini kabla baba mkubwa, mzee Masunga, hajauliza mara tatu kama kuna mwenye neno juu ya mchumba. Mwenye neno husimama, hutaja jina lake na la baba yake, kisha husema. Neno lisilo na mwenyewe hufagiliwa nje kwa ufagio, na ufagio huwa upo pale mlangoni tayari.

Kabula alikuta ng'ombe wamesimama nje ya uzio wa minyaa. Mama yake alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, karibu ng'wanone," alisema, yaani mwanangu, kama anavyowaita mabinti wote, akalitafuta jina mdomoni, akalikosa, akampa kigoda.

Mzee Masunga aliuliza mara ya kwanza, hakuna aliyesimama. Mara ya pili kaka yao Joakim akajikuna kichwa. "Baba mkubwa, kwenye mtandao ameandikwa," alisema, akasoma yote kwa sauti.

"Kaandika nani?"

"Neno lenyewe halina jina."

"Hata Constantine, mpwa wangu, aliandikwa. Huyo mke tumemtafuta Mwanza nzima." Watu wakacheka. "Nauliza mara ya tatu."

Kabula alisimama. "Niliyeandika ni mimi," alisema. Alisema habari ya mlango, ya siku mbili, ya waya, akapandisha mkono wa gauni, na makovu yakaonekana na kila mtu. Washenga wa Mboje wakatazama chini.

"Pole sana, binti," alisema mzee Masunga, na alimaanisha. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, baba mkubwa."

"Mimi nani? Wa nani?"

Kabula alifungua mdomo. Mahali jina lake lilipokuwa likikaa palikuwa laini kama ufizi uliong'olewa jino. Upande wa wanawake mama yake alikuwa anamkodolea macho, midomo ikicheza, machozi yakimtoka, asijue anamlilia nani. Mzee alingoja muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Kisha akaashiria, ufagio ukapita, na ng'ombe wakaingizwa.

Kabula alimkuta Milembe chumbani, nywele zimesukwa nusu.

"Nimesikia yote, dada. Nilikuwa dirishani," alisema Milembe. "Nakuamini."

"Basi kataa! Toka useme hutaki."

"Ng'ombe wameshaingia zizini. Na Joakim ataolea haohao. Kwa akina mchumba wake wameshaambiwa."

Kabula alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke wapi. Milembe akachukua simu yake chini ya mto, akamkabidhi.

"Nionyeshe inavyoandikwa hiyo Pepeta," alisema. "Nami nijue kuandika kabla sijaenda kwake."

Kabula akakaa kando yake kitandani, wakaanza kuipakua. Mtandao wa Nyalikungu siku hiyo ulikuwa na kasi.