Ufito wa Mkono Unaotetemeka

Asubuhi hiyo theluji ilianguka polepole mno, ungedhani imesahau njia ya kufika chini. Ardis Kvam aliegesha gari mbele ya duka la chambo la Bi Rosella, akazima injini, kisha akabaki ameketi huku vioo vikifunikwa kimoja baada ya kingine. Ziwa la Mierezi lilikuwa pale nyuma ya duka, ila halikuonekana. Palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe huo vivuli vya vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya barafu, vimetulia kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Kimoja kilikuwa cha baba yake. Kesho huenda kingekuwa cha mtu mwingine.

Mkono wa baba yake, Verlyn Kvam, ulianza kutetemeka majani yalipoanza kupukutika. Ukiwa umelala mapajani ulitulia. Lakini akiunyoosha kuchukua kijiko, au kufunga kifungo, au kupokea kikombe, ulianza kucheza ngoma yake wenyewe. Daktari alisema ugonjwa huo hauui, unasumbua tu. Verlyn alimshukuru, akarudi nyumbani, akatangaza kwamba mikono yake imestaafu. Wiki ile ile aligawa fito zake zote za kuvulia. Kisha akageukia kibanda, akitaka kukigawa nacho.

Huku kaskazini mwa Minnesota mtu hatoi kitu kikubwa kwa kauli moja, wala mwenzake hakipokei kwa kauli moja. Mara ya kwanza anayepewa hukataa kwa adabu, mara ya pili hukataa kwa adabu zaidi, na mara ya tatu huchukua, na hapo jambo limekwisha. Verlyn alikuwa amekwisha kumwambia jirani yake, Delmar Ostby, mara mbili achukue kibanda. Delmar alikuwa amekataa mara mbili. Kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya wazee kunywa kahawa pamoja, na Ardis alijua fika nini kingesemwa.

Hakikuwa kibanda cha thamani. Mbao zake zilikuwa zimeokotwa huku na huko, na mlango ulifungwa kwa ndoano ya waya. Lakini tangu mama yake afariki, humo ndimo baba na binti walimozungumza. Nyumbani Verlyn alizungumzia hali ya hewa na tanuri la kupasha nyumba joto. Lakini humo, juu ya tundu la kuvulia lililotobolewa kwenye barafu, wameinamisha vichwa, maneno yalimtoka bila yeye kuyasindikiza. Ardis aliogopa kwamba kibanda kikienda, baba yake naye ataenda, ingawa mwili wake ungebaki pale dirishani majira yote ya baridi ukihesabiwa kuwa upo.

Akashuka garini.

Ndani ya duka palinukia kahawa na sufu iliyolowa. Vidagaa vya chambo vilizunguka katika matangi, na pampu zilivuma kama watu wanaosali kwa sauti ya chini. Fito za barafuni zilining'inia ukutani safu kwa safu, fupi zote, kwa sababu mvuvi wa huku hukaa juu kabisa ya samaki wake.

"Ardis! Umekuja kununua au kuota moto?" Bi Rosella aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mabuu aliyokuwa akiyapanga.

"Nataka ufito. Wa samaki wadogo, wale wa kikaangoni."

"Wa nani?"

Delmar Ostby alikuwa ameketi kando ya birika la kahawa, miguu ameinyoosha, masikio yamesimama. Ardis akamwona, akameza jibu lake la kweli.

"Wangu."

"Wako?" Delmar akadakia. "Ule ulionao una nini? Umeukalia?"

"Umezeeka, Mzee Delmar."

"Hata mimi nimezeeka, mbona hakuna anayenibadilisha?"

"Tulijaribu kukurudisha," Bi Rosella akamwambia. "Mkeo alikuwa amepoteza risiti."

Delmar akacheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Ardis naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa tayari ukutani. Alichukua ufito mmoja mmoja, akaisukumiza ncha yake kwenye boriti ya dari na kutazama unavyopinda. Baadhi zilipinda kuanzia kwenye mpini, baadhi zilikaza mwili wote zikainamisha ncha tu, kama mtu anayeitikia salamu asiyotaka kuitikia.

"Kwa mkono wako ningechukua huu," Bi Rosella akasema, akimpa mmoja mrefu kuliko wenzake, mwembamba, mwepesi kama unyoya. "Laini. Samaki akivuta pumzi tu, utaona."

Kwa mkono wako. Ardis aliyasikia maneno hayo na kuyaacha yapite. Alifumba macho, akauona mtetemo ukitoka kwenye vidole vya baba yake, ukipanda taratibu ndani ya ule ulaini, ukipotea humo kama sauti inavyopotea kwenye theluji mpya. Akaununua. Akaomba na mshipi na ndoana, akavifunga palepale.

Nyumbani, Verlyn alikuwa dirishani, kama Ardis alivyotarajia.

"Nimenunua ufito mpya, Baba."

"Hm."

"Nadhani nimepunjwa."

Hapo Verlyn akageuka. Angeweza kukataa kuvua, lakini kumwacha mwanawe apunjwe ufito kulimshinda. Akatafuta viatu vyake.

Walivuka barafu kwa miguu, theluji ikiwafungulia njia na kuifunga nyuma yao. Ardis akatoboa barafu kwa keekee, akachota vipande vilivyoelea, akafunga mlango na kuziba mwanya wa dirisha kwa gunia. Giza likawashukia. Kisha, kidogokidogo, tundu likaanza kung'aa. Ndivyo ilivyo: ukijinyima mwanga juu, ziwa lenyewe huwa taa. Kijani kilipanda kutoka chini, kikawafika magotini, kikawafika usoni, na Ardis akamwona baba yake akiwa na uso wa kijana, au wa mzee sana, hakuweza kuamua. Chini yao palikuwa na mchanga, na majani ya ziwani yamesimama wima yakilala usingizi wao wa baridi. Kina cha maji hakikumzidi mtu mrefu.

"Jaribu," akasema, akimpa ufito.

Verlyn akaupokea. Ncha ikaanza kuyumba, ikayumba zaidi, mpaka ikawa mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Chini, ile ndoana ndogo yenye kichwa kama punje ya mtama na buu mweupe ikarukaruka huku na huku.

"Unauonaje, Baba?"

"Mzuri sana," Verlyn akasema.

Ardis akajua amekosea kuchagua. Baba yake hakuwa mtu wa kusema hivyo. Chakula alichokipenda kuliko vyote alikisifu kwa kusema kinalika. Maneno "mzuri sana" aliyatunza kwa ajili ya wachungaji wapya na zawadi za ovyo.

"Ni mwepesi," Ardis akasema.

"Mwepesi kweli."

"Na laini."

"Laini ajabu."

Wakaketi hivyo, kila mmoja akimlinda mwenzake. Samaki wakaja. Walitokea katika majani mmoja mmoja, bapa na mviringo kama viganja, mashavu yao yenye buluu ya mbali, vifua vyao rangi ya chungwa. Walikizunguka chambo, wakakitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Mkubwa wao akasogea. Akafungua mdomo. Ndoana ikarushwa pembeni, naye akabaki mdomo wazi kama mwimbaji aliyekatizwa akitaka kuanza. Akageuka, na wenzake wakamfuata, na kijani kikabaki kitupu.

"Ni upepo tu," Ardis akasema haraka.

Mabega ya Verlyn yakaanza kutikisika, na kwa muda Ardis alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Upepo gani humu ndani, mwanangu?"

Ardis akapangusa vipande vya barafu ukingoni mwa tundu.

"Mkono wangu unatetemeka," Verlyn akasema. Hakuwa amelisema bado, si kwake, si kwa yeyote ila daktari. Alilisema akitazama majini, kana kwamba anawaeleza samaki kwa nini chakula chao kimekuwa na fujo.

"Najua, Baba. Ufito nilikununulia wewe."

"Najua. Ungekuwa wako ungenung'unikia rangi."

"Mbona ukasema ni mzuri?"

"Ulinipa kama zawadi. Nani anasema ukweli juu ya zawadi?" Akaunyanyua ule ufito, wakautazama pamoja ukipepea. "Tatizo ni urefu. Mimi huku natetemeka kidogo, kule mbele inakuwa dhoruba. Na wepesi. Asubuhi kikombe kinanishinda, lakini shoka nikilishika linatulia. Mkono unapenda kuwa na kazi."

"Basi twende tukamwambie Bi Rosella. Atupe mfupi, mzito."

Verlyn akabaki ameketi. Ardis alielewa. Kumwambia Bi Rosella ni kuwaambia wote walio kando ya birika la kahawa, na kuliambia birika la kahawa ni kuliambia ziwa zima. Baba yake aliangalia lile tundu kwa muda mrefu, mwanga ukipanda na kushuka usoni kila wingu lilipopita huko nje. Mwishowe akasimama, akafungua ndoano ya mlango. Weupe ukaingia wote kwa mara moja.

Delmar alikuwa bado dukani.

"Huyo! Verlyn! Tulidhani umeganda."

Verlyn hakuvua kofia. Alisimama katikati ya duka, theluji ikimyeyuka mabegani.

"Rosella, nataka ufito," akasema. "Mkono wangu unatetemeka."

Pampu zilivuma. Bi Rosella akafunga kopo la mabuu taratibu, asipate mahali pa kuweka macho.

Delmar akakohoa. "Tumeona, Verlyn. Kahawa yote ya kanisani tangu Oktoba iko kwenye suruali yangu."

"Na hukusema?"

"Na wewe hukusema! Ningeanzaje? 'Bwana, naomba unilowanishe mguu wa pili, ufanane na wa kwanza'?"

Verlyn akacheka kwanza, kisha duka likapata pumzi. Bi Rosella akaleta fito, akampa huu na ule, na kila aliposhika mmoja wote wanne walikodolea ncha macho. Nyepesi zote zilipepea. Verlyn akawaeleza habari ya shoka. Delmar akainuka ghafla, akaenda kwenye kona ya vitu visivyonunuliwa, akarudi na ufito mfupi, mpini wa mti mnene uliozungushiwa shaba, vumbi limeukalia.

"Huu niliununua mimi nikaurudisha," akasema. "Nilimwambia Rosella hii ni nyundo."

Verlyn akaushika. Mkono ukashuka kidogo kwa uzito. Ncha ikacheza, ikacheza kidogo zaidi, kisha ikabaki na mtetemo mdogo wa jani siku isiyo na upepo. Haukukoma. Ulipungua, basi.

"Hutasikia samaki akiuma," Bi Rosella akaonya. "Ni mgumu kama mguu wa meza."

"Nitamwona. Mimi niko juu yake."

Akautazama tena. "Unafaa," akasema, na Ardis akageuza uso kwenye matangi ili machozi yake yawe siri ya vidagaa.

"Kuhusu kile kibanda, Delmar," Verlyn akaanza.

Ardis akashika ukingo wa tangi.

"Usiseme!" Delmar akainua mikono yote miwili. "Ukisema itabidi nichukue. Na mke wangu ameshakishonea mapazia."

"Nilitaka kusema paa linavuja. Ungekuja ukanishikia ngazi."

Delmar akashusha mikono. Kitu kilipita usoni mwake, labda ni yale mapazia yakiondoka, halafu akatabasamu kwa uso wote. "Leo?"

"Leo tunavua."

Theluji ilikuwa imezidi baba na binti walipotoka, chembe zake kubwa kama manyoya, na ufuo ukapotea nyuma yao kabla hawajafika nusu ya njia. Wakatembea katikati ya weupe pasipo juu wala chini. Kibandani wakaketi, wakangoja macho yao yazame gizani, na kijani kikawajia tena kutoka chini. Katika majani yaliyolala, vifua viwili vya rangi ya chungwa vilikuwa vimesimama, vikingoja.

Verlyn alivua glavu. Akatoa ndoana mpya mfukoni, akaisogeza kwenye ncha ya mshipi, ikamkwepa. Akaisogeza tena. Kisha akanyoosha mkono kuvuka tundu, ndoana ikimetameta kwenye kiganja kilichokuwa kikitikisika mbele ya macho ya binti yake, wala hakuuficha.

"Nifungie," akasema.

Ardis akaichukua, akainama karibu na mwanga, akaanza kufunga. Baba yake akawasha taa ndogo ya mafuta, akamsogezea, akaanza kumsimulia jinsi vifungo vya shati vinavyomchelewesha asubuhi.